Mionzi ya ubongo kwa mara ya pili: kisa cha Fundi

Kisa hiki nawaandikia madaktari, wauguzi na wataalamu wa mionzi wanaokutana na mgonjwa ambaye saratani imerudi kichwani baada ya ubongo wote kupigwa mionzi. Ndugu wanaouguza nao watapata kitu humu. Jina la mgonjwa, mji, hospitali na tarehe nimeviondoa, na mambo machache yasiyogusa matibabu nimeyabadilisha. Wodini kila mtu alimwita Fundi, kwa kuwa alikuwa fundi cherehani na hakupenda kuitwa mgonjwa. Nami nitamwita hivyo hivyo.

## Historia ya ugonjwa

Fundi alikuwa na miaka 47. Saratani ya titi iligunduliwa ikiwa imeshafika kwenye tezi za kwapa. Maabara ilionyesha aina isiyo na vipokezi vya homoni lakini yenye HER2, protini inayoisukuma seli kukua, kwa wingi. Hilo ni jambo la kulishika mapema, kwa sababu saratani ya titi yenye HER2 ina tabia ya kupanda kichwani kuliko aina nyingine nyingi. Trastuzumabu, dawa inayoilenga, hupenya kwa shida ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Kifua na tumbo vinaweza kuwa shwari huku kichwani ugonjwa ukiendelea.

Aliondolewa titi, akapata dripu za kemo, kisha mionzi ya ukuta wa kifua. Trastuzumabu hutolewa kila baada ya wiki 3 kwa mwaka mzima. Yeye alipata dozi 6, bima ikaacha kulipia, na familia haikuweza kubeba gharama iliyobaki.

Miaka miwili baadaye akaanza kuumwa kichwa alfajiri na kutapika kabla hata hajanywa chai. Mkono wa kushoto ukawa mzito. Kwa fundi cherehani, mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa chini ya sindano, kwa hiyo aliugundua ugonjwa kwenye kazi yake mwenyewe: mishono ilianza kwenda upande. MRI ilionyesha vivimbe 7 kwenye ubongo. Kikubwa kilikuwa na sentimita 2.6, upande wa kulia, kwenye eneo linaloendesha mkono wa kushoto.

Hospitali nyingine ilimpiga mionzi ya ubongo mzima na kumpa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, iliyopunguzwa taratibu hadi ikaachwa. Wiki 6 baadaye alikuwa amerudi kwenye cherehani, akafanya kazi kwa zaidi ya miezi 8. Wapo wanaosema mionzi ya ubongo mzima ni tiba ya kupoteza muda tu. Kwa Fundi, mara ile ya kwanza, ilikuwa karibu mwaka wa kujitegemea.

## Aliporudi

Miezi 11 baada ya mionzi ya kwanza alikuja kwetu akiwa na dada yake mkubwa na binti wa dada yake, aliyekuwa akijifunza ushonaji kwake na kumwita mama mdogo. Maumivu ya kichwa yalikuwa yamerudi. Alikuwa akiyumba anapotembea, na kitambaa kilikuwa kikimponyoka mkono wa kushoto. Kuoga, kula na kuvaa aliweza mwenyewe, ila kazi hakuiweza tena. Kwa kipimo cha Karnofsky, kinachopima kwa 0 hadi 100 uwezo wa mgonjwa kujihudumia, tulimwandikia 70.

MRI mpya haikuwa na habari njema. Vivimbe 3 kati ya vile 7 vya zamani vilikuwa vimekua, kikubwa kikiwa kilekile cha kulia, sasa sentimita 2.8, na ubongo uliokizunguka ulikuwa umevimba kwa maji. Vipya vilikuwa 6. Kimoja kilikuwa kwenye ubongo wa nyuma, ndicho kilichomyumbisha, na kingine kilikuwa milimita chache tu kutoka hipokampasi ya kushoto, sehemu inayotunza kumbukumbu mpya. Kwenye mapafu kulikuwa na vinundu viwili vidogo ambavyo havikuwa vimebadilika. Ini halikuonyesha kitu.

Tulimlaza na kumwanzishia deksamethasoni miligramu 8 mara mbili kwa siku. Ndani ya siku mbili kichwa kilitulia na kutapika kukakoma. Kwa nje ilionekana tumeshaushika usukani. Siku zilizofuata zilituonyesha kwamba bado.

## Siku tisa za kutafuta karatasi

Kabla ya kurudia mionzi kwenye ubongo ni lazima ujue mionzi ya kwanza ilikuwa kiasi gani, kwa mafungu mangapi, na iliishia wapi. Ubongo wa kawaida hausahau. Seli zake hurekebisha sehemu ya madhara kadiri miezi inavyopita, lakini si yote.

Familia ilikuja na kadi moja ya rangi ya samawati, imekunjwa mara nne, yenye maneno haya: "Kichwa chote, mara 10." Hakukuwa na kingine. Mara 10 kwa kawaida maana yake ni Gy 30 (Gy ni gray, kipimo cha dozi ya mionzi), yaani Gy 3 kila siku, ratiba inayotumika sana duniani kote. Mmoja wetu alisema tuchukulie hivyo tuanze. Mimi nilikataa. Tulimpigia simu kila tuliyemjua kule. Daktari aliyemtibu alikuwa amehama, na kompyuta iliyokuwa na mpango wa mionzi ilikuwa imeharibika. Aliyetuokoa ni mtaalamu wa mionzi aliyekumbuka kwamba walikuwa na daftari kubwa la mkono la kila siku. Aliingia stoo, akalipata, akatupigia picha ukurasa.

Ilikuwa Gy 30 kwa mara 10 kweli, kwa mashine ya kobalti, mionzi ikiingia kutoka pande mbili za kichwa, na ukingo wa chini ulikuwa kwenye pingili ya pili ya shingo. Hilo la mwisho lilikuwa na uzito wake, kwa maana sehemu ya juu ya uti wa mgongo nayo ilikuwa imeshapata dozi yake.

Siku tisa zilikuwa zimepita tangu alipolazwa. Eneo letu hili limezoea wagonjwa wanaohama. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda ilipoharibika, wapo waliolazimika kuvuka mpaka hadi Nairobi kutafuta tiba. Mgonjwa wa mionzi husafiri, lakini rekodi zake mara nyingi hubaki nyuma.

## Usingizi uliotudanganya

Siku ya sita Fundi alianza kusinzia. Ukimwita anaitika, ukimwuliza siku anasitasita, kisha macho yanafumba tena. Siku ya saba asubuhi hakuweza kukaa bila kushikiliwa. Tulipopita wodini tulisoma picha ile kama wengi wangeisoma: vivimbe vimeshinda, shinikizo kichwani limepanda. Karnofsky ikashushwa hadi 40. Katika kikao cha mchana, mwelekeo ukawa kuachana na mionzi na kumwandaa kwa huduma ya kumpunguzia mateso nyumbani. Kwa mgonjwa wa 40 mwenye vivimbe vingi ambavyo vimeshapigwa mionzi, uamuzi huo ungekuwa sahihi.

Usiku huo muuguzi wa zamu aliona mambo mawili ambayo sisi tuliopita asubuhi hatukuyaona. Chupa ya maji ya lita moja na nusu pembeni ya kitanda ilikuwa imejazwa mara tatu tangu jioni, na shuka zilikuwa zimelowa mara mbili. Akamchoma kidole kupima sukari. Mashine ilisoma 24.6, juu mno.

Fundi hakuwahi kuwa na kisukari. Deksamethasoni miligramu 16 kwa siku, kwa siku saba mfululizo, ndiyo iliyoipandisha. Hakuna aliyepima sukari tangu siku aliyolazwa. Alipewa maji ya mishipa na insulini, na deksamethasoni ikashushwa hadi miligramu 8 kwa siku. Baada ya siku mbili alikuwa ameketi kitandani, akimwuliza binti wa dada yake kama mashine imetiwa mafuta. Karnofsky ikarudi 70.

## Njia tulizozipima

Upasuaji haukuwa na nafasi. Ungemsaidia mgonjwa mwenye kivimbe kimoja au viwili, au mwenye kivimbe kikubwa kinachotishia uhai, si mwenye vivimbe 9 vinavyokua sehemu mbalimbali.

Mionzi ya kulenga kwa usahihi mkubwa, inayopiga kila kivimbe peke yake na kuukwepa ubongo uliobaki, ndiyo njia inayopendelewa pale saratani inaporudi baada ya mionzi ya ubongo mzima. Utafiti wa Marekani uitwao RTOG 90-05, uliochapishwa mwaka 2000, ulitafuta hasa dozi ambazo ubongo uliokwisha kupigwa mionzi unaweza kuzistahimili kwa mara moja: Gy 24 kwa kivimbe kisichozidi milimita 20, Gy 18 kwa kilicho kati ya 21 na 30, na Gy 15 kwa cha 31 hadi 40. Kwetu mashine ya namna hiyo haikuwepo. Familia iliuliza kuhusu India. Tuliwaambia bayana kwamba kwa vivimbe 9 vinavyokua, pamoja na safari, viza na gharama, huenda wangeuza kiwanja na bado mgonjwa asingefaa tiba hiyo atakapofika. Kaka yao, aliyekuwa msemaji wa familia, alishukuru kuambiwa hivyo mapema.

Upande wa dawa, tukatinibu pamoja na trastuzumabu na kapesitabini imeonyesha faida ya kweli kwa wagonjwa wa HER2 wenye saratani kichwani, kwa mujibu wa utafiti wa HER2CLIMB uliochapishwa mwaka 2020. Hatukuwa na tukatinibu wala namna ya kuilipia. Kapesitabini, dawa ya kemo, peke yake ilikuwepo. Ni vidonge, na inaweza kufanya kazi kwa kiasi kichwani, lakini hatukuiamini kuwa ingepunguza haraka uvimbe unaoumiza sasa.

Zikabaki njia mbili: mionzi ya ubongo mzima tena kwa dozi ndogo, au deksamethasoni pamoja na huduma ya kumtuliza bila mionzi. Hii ya pili si kumtelekeza mtu. Utafiti wa QUARTZ, uliochapishwa mwaka 2016, uliwagawa wagonjwa 538 wa saratani ya mapafu iliyosambaa kwenye ubongo. Nusu walipata mionzi ya Gy 20 kwa mara 5 pamoja na huduma ya kutuliza, na nusu huduma ya kutuliza pekee. Waliopigwa mionzi waliishi wiki 9.2 kwa kipimo cha kati, wasiopigwa wiki 8.5, na ubora wa maisha haukutofautiana kwa namna ya kuonekana. Wale walikuwa wa mapafu na ilikuwa mionzi yao ya kwanza, kwa hiyo hauwezi kumhukumu Fundi moja kwa moja. Ila kila ninapoandika fomu ya mionzi ya kichwa naukumbuka utafiti huo, na hujiuliza kama naandika kwa faida ya mgonjwa au kwa sababu nimeshindwa kukaa bila kufanya kitu.

## Vitambaa vya watu

Kaka yake alikuwa ametuomba tusimweleze Fundi kwamba ugonjwa umerudi kwa wingi. "Atakata tamaa, daktari." Ombi hilo ni la kawaida, na linatoka kwenye mapenzi. Tulilivumilia kwa siku kumi. Siku ya kumi na moja, akiwa timamu, Fundi mwenyewe alitutoa kwenye kigugumizi.

"Daktari, nina vitambaa vya watu kumi na vinne ndani. Wengine walishatoa kianzio. Nitaweza kuvimaliza, au nivirudishe?"

Nilimtazama kaka yake. Aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Mwambie."

Nilimwambia: "Dada, mionzi hii haitaiondoa saratani. Ikikubali, inaweza kukupa muda, pengine miezi michache, kichwa kikiwa kimetulia na miguu ikikubeba. Mkono sikuahidi. Na kumbukumbu inaweza kupungua zaidi ya ilivyopungua."

Akafikiri. "Kumbukumbu naiweka kwenye daftari. Mkono ndio siwezi kuuandika." Kisha: "Sitaki kufa na amana za watu. Nipigeni hiyo mionzi, lakini mniambie siku ya kuacha."

Maneno hayo yalitupa lengo lenye kipimo. Mafanikio yangekuwa Fundi kupata wiki kadhaa za kichwa kilichotulia, dawa ya uvimbe ikiwa chini, na akili ya kutosha kumwelekeza binti wa dada yake hadi vitambaa viishe. Yale mengine yangekuwa ziada.

## Mpango wa mionzi

Tulichagua Gy 20 kwa mara 10, yaani Gy 2 kila siku. Jumla ingeweza kutolewa kwa siku 5 kwa Gy 4, na ingempunguzia kwenda na kurudi. Lakini madhara ya baadaye kwenye ubongo hutegemea sana ukubwa wa fungu la kila siku, si jumla tu. Fungu dogo huupa ubongo wa kawaida nafasi ya kujirekebisha.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Ukizigeuza dozi zote ziwe kana kwamba zilitolewa kwa Gy 2 kwa siku, kwa uwiano wa alfa na beta (namba inayoonyesha tishu inavyoathiriwa na ukubwa wa fungu) wa 2 unaotumika kwa ubongo, Gy 30 za mara 10 zinalingana na Gy 37.5. Ukiongeza Gy 20 za sasa unapata Gy 57.5. Mapitio ya mwaka 2008 ya wagonjwa wa glioma, uvimbe unaoanzia kwenye ubongo wenyewe, waliorudiwa mionzi yalionyesha kwamba kufa kwa tishu za ubongo kulianza kuonekana jumla ya namna hiyo ilipopita Gy 100. Tulikuwa mbali na hapo. Lakini wale walipigwa sehemu ya ubongo, sisi tulikuwa tunaupiga wote, na kumbukumbu huanza kuchakaa mapema sana kabla tishu hazijafa. Namba ile ilituhakikishia usalama wa aina moja tu.

Tulipandisha ukingo wa chini hadi juu ya pingili ya kwanza, ili tusiongeze dozi kwenye uti wa mgongo. Hilo lisingewezekana bila ukurasa wa lile daftari. Tulifikiria kuikwepesha hipokampasi, kwa kuwa utafiti wa mwaka 2020 umeonyesha kwamba kufanya hivyo pamoja na kutoa memantini, dawa ya kulinda kumbukumbu, hupunguza kushuka kwa uwezo wa akili. Kile kivimbe cha milimita chache kutoka hipokampasi ya kushoto kilitufunga mikono, kwa sababu ukiikwepesha hipokampasi umekikwepesha na kivimbe. Memantini tuliitafuta kwenye maduka ya dawa ya mji mzima, hatukuipata.

Alitengenezewa kinyago kipya cha kushikilia kichwa kisitikisike. Kile cha zamani kisingemfaa hata kama kingekuwepo, maana uso ulikuwa umejaa kwa sababu ya dawa. Mionzi yote 10 ilikamilika bila siku ya kuruka.

## Kilichotokea

Wiki mbili za mwanzo baada ya mionzi alichoka, nywele zilizokuwa zimeota zikaanguka tena, na masikio yakamwasha. Mdomoni palitokea utando mweupe, tukamtibu. Wiki ya tatu tuliishusha deksamethasoni kutoka miligramu 4 hadi 2 mapema kuliko ilivyostahili, kutapika kukarudi, tukaipandisha tena kwa siku saba. Wiki ya sita alikuwa kwenye miligramu 2, wiki ya tisa aliiacha kabisa.

Wiki ya tano alilala sana, karibu siku nzima. Usingizi wa namna hiyo hujulikana kuja wiki chache baada ya mionzi ya ubongo na kuondoka wenyewe. Mara ya kwanza hawakuwa wameambiwa, na ndugu walikuwa wameshaanza kuitana. Safari hii tulikuwa tumewaeleza. Dada yake alipiga simu, akasema tu, "Ule usingizi umefika." Kwanza tulimpima sukari. Ilikuwa 6.8.

Maumivu ya kichwa hayakurudi kwa zaidi ya miezi minne. Kuyumba kuliisha kiasi cha kwenda dukani peke yake. Mkono ulirudi nusu: aliweza kukishika kitambaa, kukiongoza hakuweza. Alikaa kwenye kiti pembeni ya mashine, akapima na kukata kwa mkono wa kulia, binti akashona. Kati ya vitambaa 14, 9 vilishonwa. Vitatu vilirudishwa kwa wenyewe vikiwa havijakatwa, pamoja na kianzio chao. Viwili havikupata mwenyewe.

Kapesitabini aliianza wiki ya tano. MRI ya mwezi wa tatu ilionyesha vivimbe vingi vimepungua, kile cha ubongo wa nyuma karibu hakionekani. Kile kikubwa cha kulia kiling'aa zaidi kuliko mwanzo. Inaweza kuwa saratani inayokua, inaweza kuwa tishu iliyouawa na mionzi, na MRI ya kawaida haitofautishi mambo hayo mawili. Kwa kuwa mgonjwa alikuwa hana dalili mpya, hatukumrudishia dawa ya uvimbe. Tulirudia picha baada ya wiki 6, na hakikuwa kimebadilika.

Mwezi wa sita ini liliingiliwa. Alifariki nyumbani mwezi wa saba baada ya mionzi ya pili, akiwa kwenye mofini ya maji, muuguzi wa huduma ya nyumbani akimtembelea mara mbili kwa wiki. Tafiti nyingi za wagonjwa waliorudiwa mionzi ya ubongo mzima zinataja uhai wa kati wa takribani miezi mitatu hadi mitano.

## Uchambuzi

Je, mionzi ndiyo iliyosaidia, au deksamethasoni? Kutulia kwa kichwa siku mbili za kwanza kulitokana na dawa, hilo halina ubishi. Kinachonishawishi kwamba mionzi ilifanya kazi ni wiki ya tisa, dawa ilipoachwa na kichwa kikabaki kimetulia miezi mingine miwili. Mgonjwa anayesemekana amepona dalili huku akiendelea na miligramu 8 bado hajakupa jibu. Sifa nyingine zilizompendelea zilijulikana mapema: zaidi ya miezi 6 ilikuwa imepita tangu mionzi ya kwanza, ile ya kwanza ilimfaa kweli, na ugonjwa nje ya ubongo ulikuwa umetulia. Mgonjwa ambaye saratani imerudi kichwani baada ya miezi miwili tu, huku ini na mapafu vikishambuliwa, mimi nisingempiga tena.

Sukari ndilo kosa letu kubwa zaidi, na ni kosa la bei rahisi mno kuliepuka. Tulikuwa tayari kumnyima tiba kwa sababu ya madhara ya dawa tuliyompa wenyewe. Kusinzia kwa mgonjwa wa aina hii kunaweza kutoka kwenye vivimbe, kwenye sukari, kwenye maambukizi, kwenye degedege lisiloonekana kwa macho, kwenye chumvi za damu zilizoshuka. Tulirukia la kwanza kwa sababu lilikuwa kwenye picha ya MRI. Deksamethasoni yenyewe tuliitoa kwa dozi ya juu kwa muda mrefu bila sababu. Kichwa kilitulia siku ya pili, na siku ya tatu tungekuwa tumeshaanza kuipunguza. Sasa wodini kwetu kila anayepata dawa hiyo hupimwa sukari asubuhi na jioni.

Kuisubiri rekodi kulikuwa sahihi, na bado kulimuumiza, maana katika kusubiri ndimo sukari ilimopandia. Hatukufanya mambo mawili sambamba. Tungeweza kutengeneza kinyago na kupiga picha za kupangia siku ya pili, rekodi ikitafutwa. Badala yake tuliketi kana kwamba hakuna lolote linalowezekana bila karatasi.

Mazungumzo yalichelewa kwa siku kumi. Tulijadili dozi kwa saa nyingi kabla ya kumwuliza mwenye kichwa anataka nini. Jibu lake lilibadilisha hata namna ya kupanga: kama angesema anachotaka ni kukaa nyumbani bila kuja hospitali kila siku, Gy 20 za mara 10 zingekuwa uamuzi mbaya, hata kama hesabu yake ni nzuri.

Kuhusu kumbukumbu, hatukumpima kabla ya mionzi ya pili, hata kwa kipimo kifupi cha maneno matatu na kuchora saa. Kwa hiyo sisi hospitali hatukuwa na namna ya kusema mionzi ya pili ilimpunguzia nini. Baada ya arobaini binti wa dada yake alikuja na daftari la vipimo la mama mdogo wake, akaniuliza kama linaweza kunisaidia. Nililipitia lote. Kurasa za kabla ya ugonjwa kupanda kichwani zina jina la mteja na namba mbili tu, urefu na kifua, kwa kuwa mengine aliyakariri. Baada ya mionzi ya kwanza kila mteja ana namba nane au tisa, na maelezo: "shingo ya V, si ya duara." Alikuwa ameshaona kwamba hajiamini tena, akajitengenezea njia. Baada ya mionzi ya pili majina yanajirudia. Mteja mmoja ameandikwa mara tatu ndani ya wiki moja, vipimo vikitofautiana. Vile vitambaa viwili visivyopata mwenyewe vimeandikwa "wa jirani" na "mama wa jana". Daftari lile lilipima akili yake kwa uaminifu kuliko faili letu, na lilikuwa nyumbani kwake muda wote. Siku hizi naomba ndugu waje na kitu kama hicho, liwe daftari la duka au simu yenye ujumbe, kabla ya siku ya kwanza ya mionzi.

Binti alilichukua akarudi nalo. Bado anashona.

Kadi tumeibadilisha. Kila anayemaliza mionzi kwetu huondoka na kadi ngumu yenye jumla ya Gy, idadi ya mafungu, tarehe ya mwanzo na ya mwisho, aina ya mashine, na mchoro wa kichwa au mwili wenye mstari unaoonyesha mionzi iliishia wapi. Picha ya kadi hubaki kwenye simu ya ndugu mmoja. Mgonjwa wa kwanza kurudi nayo alikuja baada ya miezi minane, saratani ya titi, kichwani tena. Mionzi yake ilianza siku ya tatu, na sukari yake asubuhi hiyo ilikuwa 7.1.